Mkono wa Mizani

“Mimi sibebi mizani. Mizani ni mkono huu hapa!”

Alitamka hayo kwenye kipaza sauti, mbele ya wafanyakazi themanini na kitu wa jengo la kuhifadhi kumbukumbu, waliokuwa wamepangwa kwenye maegesho ya magari, jua la saa nne likiwakaanga utosi. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mwenye ovaroli jipya ambalo bado lilikuwa na mistari ya kukunjwa dukani, na mdomo ambao mama yake alisema ulizaliwa siku moja kabla ya mwenyewe. Akafumba macho, akaomba aletewe mitungi mitatu ya kuzimia moto. Akainua wa kwanza. “Umejaa.” Akainua wa pili. “Umejaa.” Wa tatu akautikisa kidogo, akaushusha kama mtu anayerudisha mtoto asiye wake. “Huu mmeuchezea. Umepungua kilo moja na kidogo.”

Mjomba wake, mwenye karakana ya kujaza mitungi hiyo, akaupandisha mtungi ule kwenye mizani. Ulikuwa umepungua kilo moja na gramu mia mbili. Watu wakapiga makofi, na mlinzi wa getini, mtu ambaye hakuwahi kupitwa na jambo, akapaza sauti: “Jamani, huyo si fundi, huyo ni mizani yenyewe!”

Jina likamganda. Tangu siku hiyo hata mama yake mzazi, akimtuma dukani, alimwita Mizani.

Majigambo yale hayakuwa ya bure. Mtungi wa gesi ya ukaa, ule mwekundu wenye alama nyeusi na pembe nyeusi ya kutolea gesi mdomoni, hauna geji. Mitungi ya unga ina kijisaa chenye mshale. Mshale ukiwa kwenye kijani, lala usingizi. Huu hauna, kwa sababu kijisaa kingekudanganya mchana kweupe. Gesi imeshindiliwa humo ndani mpaka ikawa kimiminika, na maadamu kimebaki kidogo cha kimiminika hicho, msukumo ni uleule, mtungi uwe umejaa pomoni au umevuja nusu. Dawa yake ni kuupima uzito. Uzito wa chuma kitupu umegongwa shingoni; unapima, unautoa huo, kinachobaki ndicho gesi. Ikipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi, mtungi unarudi karakana kujazwa. Mizani alikuwa ameinua mitungi tangu anamaliza shule, maelfu kwa maelfu, na mkono wake ulikuwa umeyajua haya kuliko kichwa.

Makofi yalipopoa akawafundisha kuutumia, na alifundisha vizuri, maana mtu mwenye mdomo akipata wasikilizaji huwa hana haraka ya kwenda nyumbani.

“Kwanza umeme. Zima swichi kama unaifikia bila kuungua. Halafu mlango. Mlango uwe nyuma yako, na uwe wazi. Ukishindwa na moto utataka kukimbia, na hakuna anayekimbia akipitia katikati ya moto. Sasa chomoa pini. Simama kama hatua mbili, elekeza pembe kwenye shina la moto, bana kishikio, fagia huku na huku.”

“Shina lenyewe ndiyo wapi?” akauliza meneja wa jengo, mtu wa miwani iliyolegea puani.

“Pale moto unapokula, bosi. Wewe ukitaka mtu aache kula, unamziba nywele au unamziba mdomo?”

Watu wakacheka. Meneja naye akacheka, akipandisha miwani.

“Na hii pembe msiishike kwa kiganja,” akaendelea. “Gesi ikitoka hapo ni baridi kuliko barafu. Ngozi itabaki kwenye pembe kama stika. Shika mpini. Na mjue inavyofanya kazi: moto unapumua kama nyinyi. Gesi hii inaisukuma hewa pembeni, moto unakosa pumzi. Haiachi maji, haiachi unga. Mashine yako unaifuta vumbi, unaendelea. Lakini haina urafiki. Ukiifungulia chumba kidogo na mlango umefungwa, ikimaliza kuunyima moto pumzi inakugeukia wewe.”

“Sasa dada, tufe kwa moto au kwa gesi?” akadakia mlinzi.

“Wewe utakufa kwa maneno,” akamjibu, na maegesho yakavunjika mbavu.

Hiyo ilikuwa miaka minane nyuma.

Mizani ya karakana, ile ya chuma, ilianguka kutoka kwenye pikapiki mwaka uliofuata, ikapinda sahani. Alipouliza inanunuliwa lini nyingine, Mjomba alimtazama kama ameulizwa anaoa lini tena. “Ya nini, mpwa wangu, na wewe upo?” Mpwa akacheka. Wakati ule lilikuwa jambo la kuchekesha, na la sifa. Wateja wenyewe walikuwa wanaitaka ile michezo: akifika mahali, kabla hata hajashusha mfuko wa vifaa, utasikia, “Fumba macho, Mizani, tuone!” Anafumba, anainua, anatamka, anasaini kadi ya ukaguzi, anaifunga shingoni mwa mtungi kwa kamba. Mjomba akamchoresha hadi kwenye kibao cha karakana: mkono wa chuma, macho yaliyofumbwa. Fundi aliyechora kibao alisahau kidole gumba, lakini biashara ilikwenda.

Halafu kifundo cha mkono wa kulia kikaanza kuuma.

Kilianza kidogokidogo, maumivu ya asubuhi yanayokwisha ukinyoosha vidole. Baadaye yakawa ya kutwa. Alikifunga kitambaa chini ya mkono wa ovaroli na kujikaza kisabuni. Kazi iliendelea. Mitungi ilikuwa imejaa. Kila mahali alipokwenda, mitungi ilikuwa imejaa, miezi mitatu mfululizo hakukuta hata mmoja uliopungua, na hilo lilimfurahisha. Akadhani watu wameanza kuwa na adabu na mali za watu.

Kilichomfumbua macho ni birika. Jumamosi moja asubuhi jikoni kwao aliliinua birika, akasema “Lina maji,” akaliweka kwenye moto, akatoka kuanika nguo. Aliporudi, mama yake alikuwa amesimama mlangoni akipepea moshi kwa kanga, na kitako cha birika kimekuwa chekundu kama shavu la mlevi.

“Mizani,” alisema Mama, “nani kakwambia lina maji?”

“Mkono.”

“Mkono?” Mama akaligeuza birika juu chini. Halikudondosha hata chozi. “Mwanangu, huo mkono umeanza kusema uongo.”

Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akaanza kupiga hesabu. Mkono unaouma hukuta kila kitu ni kizito. Birika tupu ni zito. Mtungi mtupu ni mzito. Wiki tatu zilizopita alikuwa amesaini kadi thelathini na mbili katika jengo lilelile la kumbukumbu, na mitungi yote thelathini na mbili ilikuwa mizito. Mmoja wa mitungi hiyo ulikuwa chini ya jengo, kwenye chumba cha mitambo ya kompyuta kisicho na dirisha, na humo, saa mbili asubuhi hadi saa kumi, alikaa mdogo wake wa pekee. Yeye Mizani ndiye aliyemwombea kazi kwa meneja. Yeye ndiye aliyemwambia, “Nenda mdogo wangu, jengo lile ni salama, mitungi naikagua mwenyewe.”

Alimwambia Mjomba siku ya Jumatatu. Mjomba hakuacha kukaza boliti aliyokuwa akiikaza.

“Unataka twende tukawaambie nini?”

“Kwamba tupime upya. Kwa mizani.”

“Kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa tunapima kwa nini? Kwa mapenzi?” Akageuka. “Mpwa wangu, ukienda pale kusema mkono umekosea kwenye jengo moja, watu wa hospitali watauliza, watu wa benki watauliza, kila mwenye kadi yenye sahihi yako atauliza. Tutafunga mlango huu wiki hiyohiyo. Pumzisha mkono. Mwakani watapimiwa vizuri.”

“Na moto ukiwaka kabla ya mwakani?”

“Umewahi kuwaka?”

Haukuwahi. Hilo ndilo lililombana kuliko yote. Alitoka pale akajiona kama mtu aliyejishonea nguo mwilini bila kuacha tundu la kuvulia. Akisema, anamwaga unga wa Mjomba aliyemlea kikazi. Akinyamaza, kila akisikia king'ora mjini anatoka nje kutazama kinaelekea wapi. Jioni mdogo wake alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akaanza kusimulia vituko vya ofisini, na Mizani akawa anamtazama tu kwenye vidole kana kwamba anavihesabu.

“Dada, una nini wewe? Unanitazama kama nimekufa.”

“Kula,” akamwambia.

Alivumilia siku nne. Ya tano aliazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani yao muuza vyuma chakavu, ile ya ndoano mbili na uso wa mviringo, akaificha kwenye kikapu chini ya kitambaa, akaenda kwenye jengo akisingizia kwamba mdogo wake amesahau funguo za nyumbani. Mpango ulikuwa mwepesi. Apime mtungi wa chumba kile kimyakimya. Ukiwa umepungua, aubadilishe na mzima kutoka karakana. Mmoja tu, wa mdogo wake. Wengine wangesubiri mwakani, kama alivyosema Mjomba. Alijua mpango huo ni mbaya, lakini ndio uliokuwa unaingia kwenye kikapu.

“Fumba macho, Mizani!” mlinzi alimpigia kelele getini.

“Leo nimekuja na macho yote mawili,” akajibu, akapita.

Ngazi kumi na nne kwenda chini, ukumbi mwembamba, bomba la maji likitoa jasho. Mlango wa chuma wa chumba cha mitambo ulikuwa wazi, na kilichouzuia usijifunge, pale sakafuni, ulikuwa ni mtungi wenyewe.

“Nani kauweka hapa? Mtungi unakaa ukutani! Nimewaambia mara ngapi?”

“Dada, usinianzie,” alisema mdogo wake kutoka kwenye kiti chake. “Kitasa cha ndani kimechomoka tangu mwezi wa tatu. Mlango ukijifunga unabaki humu mpaka mtu apite nje. Tulikuwa na bisibisi ya kufungulia, tunaitia kwenye tundu tunazungusha. Meneja kaichukua akaze miwani yake.”

“Na fundi wa milango?”

“Tumeandika barua.”

Chumba chenyewe kilikuwa hatua nne kwa tatu. Kabati mbili za mashine, meza, kiti, feni, na chini ya meza ekstensheni moja iliyobebeshwa plagi saba, nyingine zimening'inizwa juu ya nyingine kama abiria waliokosa kiti. Mizani aliweka kikapu chini, akakifunua. Alikuwa ameinama kutoa mizani pale aliposikia harufu ya plastiki inayoungua.

Moto ulitoka chini ya meza kwanza kama ulimi, halafu kama kitambaa kizima. Mdogo wake akaruka na kiti chake nyuma.

Hapo hakufikiri. Kama angefikiri angekumbuka somo alilowafundisha watu themanini kwa kipaza sauti. Lakini miaka kumi na sita ya kazi ilikuwa imemzoesha jambo moja: ukiona moto, chukua mtungi. Akaunyakua pale mlangoni, akapiga hatua mbili kuelekea mezani, na nyuma yake akasikia mlango ukijisukuma taratibu, halafu: klak.

“Dada! Mlango!”

Aligeuka. Chuma kitupu, na tundu la mraba pale kitasa kilipokuwa. Simu? Huku chini simu zilikuwa za kutazamia saa tu, mtandao uliishia ngazi ya pili.

“Zima umeme!” akapaza sauti, na mdogo wake akaiparamia swichi kubwa ya ukutani. Mashine zikakata pumzi, feni ikazunguka mara tatu za mwisho. Taa ya dharura ikabaki. Moto nao ukabaki, sasa umeshika ukingo wa meza.

Alichomoa pini, na mkono ukagoma. Mtungi ulikuwa mzito. Ukiwa umejaa kweli, ni kilo tano za gesi kwenye chumba cha hatua nne kwa tatu, mlango umefungwa. Moto ungezimika, na wao wangelala juu ya majivu yake. Ukiwa mtupu, moto ungeendelea na kazi yake. Maisha yake yote alikuwa akiinua mitungi akijua anataka jibu gani. Leo hakujua amwombe Mungu lipi kati ya hayo mawili.

“Dada, mbona umesimama? Umejaa au haujajaa?”

Mkono ulisema umejaa. Lakini mkono huo ulisema hivyohivyo kuhusu birika.

Akabana kishikio. Mtungi ukanguruma, wingu jeupe likatoka, pembe ikaota barafu. Akafagia shina, kushoto, kulia. Mdogo wake akanyoosha mkono kumsaidia kushika pembe, akapigwa kiwiko. “Usiguse hapo!” Sekunde moja. Mbili. Tatu. Nne. Mtungi ukakohoa. Ya tano ukatoa mkoromo wa mzee aliyeamshwa, ukanyamaza.

Ulitakiwa kunguruma mara tatu zaidi ya hapo.

Moto ulikuwa umelala. Walisimama wakiutazama, na kweli, plastiki iliyokuwa bado ya moto ikaurudisha tena ulimi mdogo, ukicheza. Mdogo wake akavua kiatu akaupiga kwa soli, akaupiga, akaupiga mpaka soli ikanuka.

Halafu ikaja shida nyingine. Moshi ulikuwa umetanda juu, kwenye dari, ukishuka. Mdogo wake akakohoa, akapiga magoti kama watu wanavyofundishwa. Mizani akamvuta kola.

“Simama! Gesi iko chini, ni nzito kuliko hewa!”

“Na juu moshi!”

“Basi usisimame sana!”

Wakabaki wameinama nusu, vichwa usawa wa meza, kama watu wawili wanaotafuta sindano hewani. Pumzi zikaanza kuwa fupi. Kichwa kikamgonga. Mdogo wake alikuwa anahema kama aliyekimbizwa, na midomo yake ilitafuta neno bila kulipata. Kilo mbili, labda, zilikuwa zimetoka. Mizani alijua kilo mbili zinamfanya mtu nini. Hakujua zinachukua muda gani.

Akaunyanyua mtungi kwa mikono miwili, akaugonga mlangoni. Uliitika kama kengele ya shule. Mtungi uliojaa haulii hivyo. Huo hutoa sauti ya gunia. Huu ulilia, ukalia, kila pigo likimchoma kifundo hadi begani, chuma kitupu kikimtangaza kwa jengo zima: ni mtupu, ni mtupu, ni mtupu.

Mlinzi, aliyekuwa hapitwi na jambo, akashuka ngazi kumi na nne kwa miruko mitatu, akafungua.

Nusu saa baadaye walikuwa kwenye maegesho yaleyale, jua lilelile. Mdogo wake alikaa kwenye ukingo wa barabara, kiatu kimoja mguuni, anakunywa maji. Watu walikuwa wamezunguka. Mjomba alikuwa ameshafika na pikapiki. Na meneja, ambaye mtu wa zimamoto alikuwa amemweleza mambo ya gesi na vyumba vidogo, alikuwa ameshapata hotuba.

“Angeachia mtungi mzima, tungezika wawili!” alisema, miwani ikimtetemeka. “Lakini huyu anapima hata pumzi ya mtu! Katoa gesi ya kuua moto, ya kuua mtu kaiacha. Mkono ule, jamani!”

Makofi. Mlinzi akapiga mluzi. Mjomba akajisogeza karibu, akamnong'oneza bila kutikisa midomo: “Nyamaza hapohapo, mpwa wangu. Hii ni zawadi.”

Kweli ilikuwa zawadi, imefungwa vizuri, na Mizani aliiona tangu juu mpaka chini: angebaki humo maisha yake yote, amefumba macho, anainua. Mdogo wake akainua kichwa.

“Dada. Ulijua zimo kilo ngapi?”

Watu wakasogea kusikia jibu la kuchekesha.

“Sikujua,” alisema. “Mkono uliniambia umejaa. Mkono unaumwa, una miezi. Unasema vyote vimejaa. Nimesaini mitungi thelathini na mbili humo ndani na sijui hata mmoja una nini.”

“Anatania,” alisema Mjomba.

“Nenda kaniletee kikapu changu,” alimwambia mlinzi, na mlinzi akashuka tena zile ngazi kumi na nne.

Mizani ya muuza vyuma chakavu ilitundikwa kwenye nondo ya geti. Mitungi ikaletwa mmojammoja. Alikuwa akisoma namba ya shingoni kwa sauti, akisoma uso wa mizani kwa sauti, na mdogo wake, kiatu kimoja, akiandika. Katika kumi ya kwanza, minne ilikuwa imepungua. Mmoja wa hiyo, uliokuwa ukining'inia nje ya mlango wa meneja, ulikuwa chuma na rangi tu. Meneja alivua miwani, akaivaa tena. Walipofika wa kumi na tano pikapiki ya Mjomba ikaondoka, na wapwa wote wawili hawakugeuka kuitazama.

Alipima hadi wa thelathini na mbili, kwa mkono wa kushoto. Kesho yake asubuhi alirudisha mizani ya watu, akapita duka la vifaa lililo karibu na kituo cha mabasi, akauliza bei ya ile ya kuning'iniza, ndoano mbili, mwisho kilo hamsini.

Elfu thelathini na mbili, elfu moja kwa kila mtungi aliousaini. Akalipa.